Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: kereng'ende nao waingie kwenye ramani

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Naandika kutoka Muheza, nina ombi moja tu, wizara yako ianzishe utaratibu wa wananchi kujitolea kurekodi kereng'ende nchi nzima, wale wadudu wanaoruka ruka juu ya maji, mana watoto wao wanakulia majini, maji yakiharibika wao wanakuwa miongoni mwa wa kwanza kuhama au kufa.

Huku kwetu Amani, kwenye vijito vya msituni, yupo kereng'ende mwembamba anaitwa Amanipodagrion gilliesi, duniani kote anajulikana Usambara Mashariki peke yake na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wamemweka kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Afu kuna yule wa rangi ya dhahabu, Pantala flavescens, anayeingia pwani makundi kwa makundi msimu wa vuli, watafiti wanaamini anavuka bahari toka India kwa msaada wa upepo, yani mdudu asiyezidi urefu wa kidole! Sasa mwaka huu kawahi au kachelewa? Nani kaandika tarehe?

Wenzetu wanafanya. Uingereza mwaka 1999 alionekana Essex kereng'ende mdogo mwenye macho mekundu ambaye kule hakuwahi kurekodiwa, watu wa kujitolea wakamfuatilia bwawa kwa bwawa alivyosambaa. Afrika Kusini wana OdonataMAP ya Chuo Kikuu cha Cape Town, unatuma picha ya kereng'ende na mahali ulipompigia, wataalamu wanathibitisha jina.

Na simu yenye kamera inatosha kwa kuanzia. Ila mimi ninachokipenda zaidi kukitafuta ni gamba: mtoto akishakomaa anapanda kwenye unyasi, anapasuka mgongoni, anatoka na mabawa anaruka zake, gamba linabaki limeng'ang'ania pale na vinyuzi vyeupe vinachungulia kwenye ule mpasuko. Ukilikuta hilo unajua kakulia kwenye maji yaleyale, sio mpita njia.

Kwa hiyo Mheshimiwa, tunaomba TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, wapokee picha zetu na kuzithibitisha, TFS, wakala wa misitu, watupe kibali cha kufika vijito vya hifadhini, na mashule yapate mwongozo wa picha wa Kiswahili. Na tafadhali hata siku ambayo mtu kaenda hajaona kitu iandikwe, bila hivyo utajuaje kama katoweka au ni vile tu hakuna aliyeenda kumtafuta?

Vijana wapo, Muheza, Korogwe, Lushoto mpaka Tanga mjini, simu wanazo na nia wanayo. Tunaomba jibu kabla vuli haijaanza.