Barua ya wazi kwa Meya wa Lubumbashi, toka kwa fundi cherehani wa Bukavu

Baba Meya, jambo sana.

Miye ni fundi cherehani, atelie yangu ilikuwa Kadutu. Februari 2025 vita ilipoingia Bukavu tulishuka Uvira, tukapanda boti mpaka Kalemie, toka pale lori mpaka hapa kwenu. Nilikuja na mashini moja tu, nilitoa kichwa nikakifunga mu kitenge cha bibi yangu kama mtoto, meza na miguu nikaacha. Hapa Katuba fundi wa milango alinichomea miguu ingine, inacheza kidogo lakini inashona.

Watu wanatuita wakimbizi. Sikatai, ila miye sikuvuka mpaka, nilivuka ziwa, na nilipotoka na nilipofika yote ni Congo. Mwenye kutoka Burundi iko na sheria yake ya wakimbizi, ya 2002. Miye sheria yangu ni sawa na ya muuza makala wa komini Kenya, hapa hapa mjini.

Sasa sikia. Wiki ya pili mashini iko kwenye barza, vijana wa kukusanya kodi wakafika, patanti, karatasi ya ruhusa ya biashara ndogo, iko wapi? Nikaenda ofisi moja, sitataja jina, na pesa mkononi, nilitaka kulipa kabisa! Wakaniomba kadi ya uchaguzi, njo kitambulisho chetu. Ilibaki Bukavu. Basi leta karatasi ya kupoteza kadi. Kupata hiyo, leta karatasi ya kartye, ya mtaa, kwamba unakaa hapa, na kupata ya kartye leta... kadi ya uchaguzi. Nilicheka peke yangu pale dirishani. Siku 4 sikushona hata kifungo, na kila meza ilitaka soda yake.

Unga wa parokia tulipokea, asante (bibi yangu bado analilia bugali ya muhogo lakini atazoea). Ila unga nitajinunulia mwenyewe, karatasi njo siwezi kujiandikia. Congo iliingia OHADA, ile sheria ya biashara ya pamoja ya inchi za Afrika, 2012, na mule imeandikwa mfanyabiashara mdogo anaweza kudeklare kazi yake tu, bure, bila mizunguko ya kampuni. Mu Katuba sijakutana na mtu aliyeambiwa hivyo.

Kwa hiyo Baba, tuwekee meza moja, siku 2 kwa wiki: mtu wa komini, mtu wa kartye, na karani wa tribinali wa kupokea ile deklarasio ya kazi, najua huyo si wako lakini ukimwita atakuja. Ushahidi kwamba tunakaa hapa atoe shefu wa avenyu na mwenye parseli tunapopanga. Mtu atoke pale na karatasi zote siku ileile. Na wale wa kutafuta kazi waandikwe palepale majina kwa ONEM, ofisi ya serikali ya kazi, jirani yangu ni infirmiye, muuguzi, toka Goma, diplome ilibaki, leo anauza mandazi.

Masomo inarudi Septemba. Mama mmoja aliniachia vitambaa vya bluu na vyeupe vya watoto wake 6. Viko chini ya kitanda, nashonea chumbani, mlango umefungwa.

Fundi wa Katuba