Kompyuta hatuna, ila usalama wa mtandaoni unafundishika hata kwa chaki

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako, maana huu mjadala wa TEHAMA shule za msingi kila mwaka naona unaishia palepale, mara tuletewe kompyuta kwanza, mara umeme kwanza, mara intaneti kwanza, afu ndo tuanze kufundisha. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano huku Mbagala, darasa langu lina watoto zaidi ya 90, kompyuta zikija tutazipokea kwa mikono miwili wala sikatai, ila kuna kitu hakingoji kompyuta na hicho ndo kinawaliza watoto na wazazi wao sasa hivi.

Tuseme ukweli TEHAMA yenyewe tunavyoifundisha. Mwalimu anachora kompyuta ubaoni, hii monita, hii kibodi, hiki kipanya, mtoto naye anachora kwenye daftari, anaweka mishale, anapata vema zake, imeisha hiyo. Wengi wao kipanya cha kweli hawajawahi kukishika. Lakini huyohuyo mtoto akifika nyumbani anadaka simu ya mama, patani ya kufungulia anaijua, bando limebaki kiasi gani anajua, anaingia TikTok, anatuma voisi, anacheza Free Fire na watu ambao hata mkoa wanaoishi haujui. Na kwenye simu hiyohiyo ndo kuna hela ya mama, kuna grupu la vikoba, kuna picha za familia nzima. Yaani tunamkaririsha mtoto majina ya vipuri vya baiskeli wakati yeye yuko Barabara ya Kilwa anakatiza kati ya daladala.

Kuna wanaosema dawa ni kuwazuia, na wanatoa mfano wa Australia ambao tangu Desemba 2025 wamepiga marufuku walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa. Sawa, lakini kwetu laini ni ya mama, akaunti ni ya mama, alama ya kidole iliyosajili laini ni ya mama. Hata huo umri wa miaka 13 ambao TikTok na WhatsApp wenyewe wameuweka, mtoto wa darasa la tano anaupita kirahisi maana kwenye mtandao yeye ni mtu mzima wa miaka 38 mwenye watoto wanne. Hiyo sheria ya umri itamkamata nani?

Muhula uliopita nilitumia kipindi kimoja, sina projekta wala nini, chaki tu. Nikaandika meseji tatu ubaoni, nikawauliza ukiikuta hii kwenye simu ya nyumbani utafanyaje. Ya kwanza "ile hela itume kwenye namba hii, hiyo nyingine ina deni", darasa zima likacheka, hiyo wanaijua kama wimbo wa taifa. Ya pili inasema hongera umeshinda daimondi za gemu bure, bonyeza linki uweke namba ya simu na namba ya siri, hapo kelele zikapungua, wavulana kadhaa wakaanza kubishana kuwa hiyo ya kweli, kuna mtu mtaani kwao alipata. Ya tatu ni ya anti: "samahani nimekosea, kuna namba sita zimekuja kwenye simu yenu, hebu nitumie haraka". Karibu nusu ya darasa wangetuma. Ni anti bwana, utamnyimaje?

Sasa hapo ndo nikakaa nao muda mrefu, maana hata watu wazima hii hawaielewi. Zile namba sita ni WhatsApp inauliza, kuna mtu anataka kufungua akaunti ya mama kwenye simu nyingine, je ni wewe? Ukimpa tu, akaunti imehamia kwake, na dakika hiyohiyo anaanza kuwaandikia ndugu na grupu la vikoba kwa jina la mama kwamba amekwama anaomba laki moja. Na huyo anti anayeomba, akaunti yake yeye iliibiwa hivyohivyo. Binti mmoja akanyoosha mkono, "Mwalimu, nikimpigia si ataona namfikiria mwizi?" Swali zuri kweli, kwa sababu matapeli wanakula kwenye hiyohiyo heshima yetu. Nikamwambia piga, msalimie shikamoo kama kawaida, sikiliza kama ni sauti yake, afu ndo umuulize. Kesho yake mzazi mmoja kaja hadi shuleni, mwanangu ananisumbua niweke namba nyingine ya siri ndani ya WhatsApp, nani kamfundisha? Ndo ule uthibitishaji wa hatua mbili, upo kwenye mipangilio ya akaunti, hauna gharama yoyote.

Meseji za hela ni upande mwepesi. Upande mzito ni yule "rafiki" wa kwenye gemu anayeomba picha, afu anasema usimwambie mtu. Mtoto akiingia huko hasemi, na sababu naijua, swali la kwanza atakaloulizwa nyumbani ni nani alikupa simu, la pili ni fimbo, na sisi walimu tusijitoe, shuleni ni vilevile. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, picha za ngono za watoto ni kosa, unyanyasaji wa mtandaoni ni kosa, kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, lakini vyote hivyo vinaanza kufanya kazi pale mtoto anapofungua mdomo. Kwa hiyo mzazi, mtoto akikuonyesha meseji ya ajabu usiifute na usimpige.

Na shule nazo zijiangalie. Unakuta ukurasa wa shule umeposti mtoto na sare, jina lake lote, darasa, na saa ya basi kumshusha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti, sasa sijui wanaoposti wanadhani inawahusu benki tu.

Ninachoomba si kikubwa. Vishikwambi vya sensa ya 2022 walimu tuligawiwa, Taasisi ya Elimu ituwekee humo mifano ya hizi meseji na waibadilishe kila muhula, maana wezi nao wanabadilika. Na nyuma ya madaftari, pale kwenye jedwali la kuzidisha, pachapishwe 116 ya kumsaidia mtoto, ambayo kupiga ni bure, na 15040 ya kuripoti namba za matapeli. Watengeneza madaftari wanasoma gazeti lako, najua.

Mwalimu wa darasa la tano,
Mbagala, Dar es Salaam