Unaacha nini, wakati si mlevi?

Mbukwa mwanangu,

Jumapili uliponiambia unataka kuacha pombe nilikaa kimya mpaka ukadhani salio limeisha. Nilikuwa nimefurahi tu.

Unasema wenzako hapo Area A wanakucheka: "Wewe si mlevi, unaacha nini?" Kazini hukosi, mshahara hauishii baa, hujaokotwa mtaroni. Kumbe wanataka usubiri uokotwe kwanza ndipo uwe na sababu?

Unajua ujimbi, pombe yetu ya mtama, ndio uliokununulia sare na madaftari. Nimeotesha mtama, nimesaga kimea na kuchuja miaka mingi hapa Mvumi, wateja nawajua. Hakuna aliyeanza na ulevi. Mteja mpya huja jioni, jembe begani, anapiga soga na kata yake moja, anaaga. Misimu miwili baadaye kata moja haimpi kitu, maana mwili umeshazoea. Halafu anaanza kukaa peke yake, soga hataki tena. Mwishowe unamkuta mlangoni alfajiri, pombe hata sijachuja, amekuja kuzimua. Kata anaishika kwa mikono miwili, na bado inamwagika kifuani.

Huyo hata akitaka kuacha, asiache ghafla peke yake nyumbani. Anaweza kupata kifafa akafa. Anahitaji daktari, na hospitali ya akili ya Mirembe, hapo Dodoma, watu wa namna hiyo wanapokelewa. Wewe hujafika huko, ndiyo maana nasema wahi.

Maana ulianza na bia mbili za Ijumaa. Sasa ni nne, na Jumatano nayo imeingia. Hilo umelisema mwenyewe, wala sikukuuliza.

Nesi wa zahanati alinipigia hesabu. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kileo, na ini huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa nne, basi, ni kazi ya saa nane au zaidi. Ukilala saa sita, saa kumi na mbili unawasha pikipiki kwenda Mtumba huenda pombe ikiwa bado damuni. Na anayekwambia mvinyo wa zabibu zetu ni dawa ya moyo, mwambie Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama. Zabibu zenyewe kula, tena ni tamu.

Ijumaa ndiyo itakayokusumbua. Jioni hiyo panga jambo jingine mapema, mpira au kanisani kwaya, usikae ukijadiliana na nafsi yako. Nyama choma hata kwa soda inashuka.

Ukija mavuno nitakuwekea togwa. Wajomba zako watakusogezea kata, hilo halikwepeki. Waambie umeacha, basi. Usiseme unatumia dawa, watakuuliza dozi inaisha lini.

Mama yako