Waliopoteza usemi baada ya kiharusi wasisahaulike

Mhariri, naandika toka Majengo hapa Moshi. Mjomba wangu alipigwa stroki, mkono wa kulia ukalegea na maneno yakapotea, akitaka chai anasema "ndoo" halafu anakasirika maana anajua kabisa sicho alichotaka, akili iko timamu ila ubongo upande wa kushoto, ambao kwa watu wengi ndo unashughulika na lugha, uliumia. Hali hiyo ya kupoteza maneno kwa sababu ubongo umeumia ndo inaitwa afasia. Hospitalini tulipewa mazoezi ya mguu tu, ya kuongea hakuna aliyetuambia, na wataalamu wa usemi nchini ni wachache mno! Serikali isomeshe wengine, bima zilipie. Na nyie wahudumu wa dirishani, mgonjwa akichelewa kujibu msimruke mkaongea na ndugu yake, mpeni muda, muulizeni maswali ya ndiyo na hapana, mwonyesheni picha.

Mpwa wa mgonjwa, Moshi