Barua kwa vijana mnaounganisha mifumo ya malipo: andikeni mazungumzo kabla ya msimbo

Marahaba, wanangu.

Salamu zenu zimefika, na swali lenu limefika pamoja nazo: kati ya lugha za ubainishaji, yaani za kueleza kwa usahihi jinsi mifumo inavyowasiliana kabla ya kuijenga, kama TLA+, Promela, CSP na majina mengine mliyoniorodheshea, mjifunze ipi? Nawajibu wote kwa pamoja, tena hadharani, kwa kuwa najua wapo wenzenu Nairobi, Kampala na Arusha wenye swali hilohilo na hawana mzee wa kumsumbua.

Mwenye haraka achukue jibu aende zake: jifunzeni TLA+, au Promela kama mkono wenu umezoea lugha ya C. Kaeni na moja hiyo mpaka mashine iwaonyeshe hitilafu ya kwanza ambayo hamkuitegemea. Msikusanye lugha. Waliobaki, tuendelee.

Nimesikia baadhi yenu wakidhani hizi ni lugha za kuandikia programu. Programu huiambia kompyuta ifanye nini. Lugha ya ubainishaji husema mfumo unaruhusiwa kufanya nini: uko katika hali gani, matukio gani yanaweza kuutoa hapo na kuupeleka kwingine, na mambo gani hayatakiwi kutokea kamwe. Hakuna skrini wala hifadhidata, na ukimaliza huna cha kumwonyesha mteja. Ndiyo maana wakubwa wengi wa kazi hawaipendi. Siku nzima imepita na hakuna kitufe kilichoongezeka.

Mifumo inayowasiliana ina taabu ambayo programu inayojitegemea haiijui. Mmemtuma mshenga apeleke posa, siku zinapita, harudi. Je, hakufika kabisa? Au alifika, akajibiwa, akakwama njiani akirudi? Mkikaa kimya mnaweza kupoteza mchumba. Mkituma mshenga wa pili, huenda ukweni wakapokea posa mara mbili na kuanza kujiuliza nyie ni watu wa namna gani. Mtumaji aliye nyumbani hana njia ya kutofautisha hali hizo mbili kwa kukaa na kusubiri tu. Ujumbe kati ya seva na seva ni vivyo hivyo: hupotea, huchelewa, hufika mara mbili, na uliotumwa nyuma huweza kuupita uliotangulia.

Jambo hili halikuanza na pesa za simu. Mwaka 1969 watafiti watatu wa NPL, maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza, Bartlett, Scantlebury na Wilkinson, walieleza utaratibu wa kubandika biti moja kwenye kila ujumbe, 0 kisha 1 kisha 0 tena, ili mpokeaji ajue kama anachokipokea ni kipya au ni marudio. Biti moja tu. Zoezi lenu la kwanza liwe hilo, kwa lugha yoyote mtakayoichagua. Linaingia ukurasa mmoja, na limebeba karibu kila kitu kinachosumbua mifumo mikubwa.

Zoezi la pili liwe kazi yenu wenyewe. Duka la mtandaoni linaomba mteja akatwe shilingi 20,000. Ombi linakwenda kwa mtoa huduma wa pesa za simu, mteja anaingiza namba ya siri, kisha jibu linarudi dukani baadaye kwa njia yake. Wengi wenu mmeipa oda hali mbili za mwisho: imelipwa au imeshindwa. Sasa iandikeni kwa TLA+. Vigeu vitatu vinatosha kuanzia: hali ya oda, seti ya jumbe zilizo njiani, na idadi ya mara alizokatwa mteja. Matukio ni machache pia: duka linatuma, mtoa huduma anakata, jibu linafika, ujumbe unapotea, muda wa kusubiri unakwisha, duka linarudia ombi. Saa hamuihitaji. Muda kwisha ni tukio linaloweza kutokea dakika yoyote ambayo duka linasubiri, kwa hiyo ile hoja ya ofisini kwamba “sekunde 30 zinatosha” haina pa kusimama hapa.

Kisha andikeni sharti moja: kwa oda moja, mteja hakatwi zaidi ya mara moja. Kabidhini kwa TLC, kikaguzi cha TLA+, nacho kitapita kila njia inayowezekana. Kitawarudishia orodha kama hii: duka limetuma, mtoa huduma amekata, jibu limepotea, muda umekwisha, duka limerudia kwa namba mpya ya kumbukumbu, mtoa huduma amekata tena. Dawa yake wengi mnaijua: namba ya kumbukumbu itengenezwe na kuhifadhiwa kabla ya ombi la kwanza kutoka, marudio yote yabebe hiyohiyo, na mtoa huduma akubali kuitekeleza mara moja tu. Hilo la mwisho haliko mikononi mwenu. Lisomeni kwenye maelezo ya mtoa huduma, na kama halikuandikwa, ulizeni kabla ya kusaini.

Utamu unaanza mkiongeza sharti la pili: isitokee oda imefutwa na mteja amekatwa. TLC italalamika papo hapo, kwa sababu muda ulikwisha, duka likafuta oda, na uthibitisho ukaja umechelewa. Hapo mtagundua mlihitaji hali ya tatu, “haijulikani”, kwa kuwa kushindwa ni jambo moja na kutojua ni jingine. Mtasema basi, duka likiwa halijui liulize. Ongezeni tukio la kuuliza, mwendeshe tena. Italalamika tena! Duka limeuliza, mtoa huduma amejibu kwa ukweli kabisa kwamba muamala huo hajauona, duka limefuta oda. Kumbe ombi la awali lilikuwa bado liko njiani, sasa linafika, mteja anakatwa. Jibu la “sijauona” lilikuwa kweli liliposemwa na likaacha kuwa kweli baadaye. Suluhisho ni duka kumtaka mtoa huduma aifunge namba ile ya kumbukumbu, ili ombi lolote litakalokuja nayo likataliwe, na oda ifutwe tu baada ya kufungwa huko kuthibitishwa. Nimekaa kwenye vikao vya usanifu vyenye watu wazoefu ambavyo havikufika hatua hiyo ya mwisho. Kikaguzi kilifika bila kunywa chai.

Masharti ya aina hiyo, ya “jambo baya lisitokee”, hayatoshi peke yake. Mfumo uliozimwa haumkati mtu mara mbili. Lazima mseme pia jambo jema litokee hatimaye: kila oda iishie kulipwa au kufutwa. Hapo ndipo inapoingia mantiki ya wakati, ambayo Amir Pnueli aliileta kwenye sayansi ya kompyuta mwaka 1977. Nayo itawalazimisha kukiri mnategemea nini. Kama mtandao unaruhusiwa kupoteza kila ujumbe milele, hakuna ujanja utakaomaliza oda. Inabidi muandike wazi kwamba ujumbe ukirudiwa bila kukoma, ipo siku utapita. Nafikiri faida kubwa kuliko zote ya lugha hizi iko hapa, katika mambo ambayo kila mmoja kikaoni aliyachukulia kuwa yanajulikana na hakuna aliyeyasema.

Kuna atakayesema: sisi ni werevu, tutasoma mchoro kwa makini. Basi sikilizeni kisa cha Roger Needham na Michael Schroeder, mabingwa wa sayansi ya kompyuta wasio na shaka. Mwaka 1978 walichapisha itifaki, yaani utaratibu wa kupeana ujumbe, ya watu wawili kutambuana mtandaoni kwa kutumia funguo za umma: kila mtu ana ufunguo uliotangazwa, na ujumbe uliofungwa kwa huo yeye peke yake anaweza kuufungua. Kiini chake ni jumbe tatu tu. Ilisomwa, ikafundishwa, ikachambuliwa hata kwa mantiki maalumu ambayo Needham mwenyewe alishiriki kuiunda. Mwaka 1995, miaka 17 baadaye, mtafiti Gavin Lowe alionyesha tundu lake: mtu akianzisha mazungumzo kwa hiari yake na mwizi, mwizi huyo anaweza kutumia jumbe za mtu huyo kujifanya ndiye yeye mbele ya mtu wa tatu. Lowe aliiandika itifaki kwa CSP, akaikabidhi kwa kikaguzi kiitwacho FDR, nacho kikalitoa shambulio hilo. Marekebisho yalikuwa kuongeza jina la anayejibu ndani ya ujumbe wa pili. Jumbe tatu, wanangu, na nyie mna huduma ndogondogo kumi zinazozungumza zote kwa wakati mmoja.

Upande wa viwandani, wahandisi wa Amazon walieleza mwaka 2015 jinsi walivyotumia TLA+ kwenye huduma zao za seva. Katika DynamoDB, hifadhidata yao, TLC ilitoa hitilafu ambayo njia fupi zaidi ya kuifikia ilikuwa na hatua 35, na usanifu ule ulikuwa umeshapita mapitio na majaribio mengi. Hakuna anayeshika hatua 35 kichwani. Walisema pia kwamba wahandisi wao, wapya kwa wakongwe, walijifunza TLA+ tangu mwanzo na kupata matokeo ya maana ndani ya wiki mbili au tatu. Kwa hiyo msiogopeshwe na alama zake za hisabati. Ni seti na mantiki, na seti mlizisoma sekondari.

Kuhusu majina mengine mliyoyataja, nitapita haraka. CSP ni ya Tony Hoare, kuanzia makala yake ya 1978. Anayeandika programu kwa lugha ya Go tayari anakula matunda yake, maana njia za kupitishia ujumbe katika Go zimetoka huko. Robin Milner alitupa CCS, ndugu yake CSP, mwaka 1980, na baadaye, pamoja na Joachim Parrow na David Walker, kalkulasi ya pai, inayofaa pale ambapo nani anazungumza na nani hubadilika njiani. Ni elimu nzuri ya kusoma mkishashiba nyingine. SDL, lugha ya ubainishaji ya michoro, tuliijua sisi wa mitambo ya simu, masanduku yake yenye pembe yalijaa kwenye miongozo; mkiajiriwa huko mtaikuta. LOTOS na Estelle zilitengenezwa kwa ajili ya OSI, viwango vya kimataifa vya kuunganisha kompyuta, na OSI iliposhindwa na intaneti, zikafifia nayo. Msizitolee usiku wenu.

Promela ni ya Gerard Holzmann, aliyeiunda akiwa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, na kikaguzi chake, Spin, kimekuwa kikitolewa bure tangu 1991. Ina michakato na njia za ujumbe zilizo wazi, alama ya mshangao (!) kwa kutuma na ya kuuliza (?) kwa kupokea, kwa hiyo anayetoka kwenye msimbo hujisikia nyumbani upesi. TLA+ ya Leslie Lamport haina njia za ujumbe zilizotengenezwa tayari; mtandao unauandika mwenyewe kama seti, na kazi hiyo inakulazimisha kuamua kama ujumbe unaweza kupotea au kurudiwa. Ninaipenda kwa sababu hiyo. Kitabu cha Lamport na masomo yake ya video vinapatikana bure, na TLC inakwenda kwenye kompyuta mpakato ya kawaida.

Sasa onyo. Modeli, yaani hayo maelezo mliyoyaandika, ikipita, msimbo wenu haujapita. Yule anayeandika Java au PHP baadaye anaweza kusahau kuhifadhi namba ya kumbukumbu na modeli isijue. Pia TLC hukagua ukubwa mlioupa, tuseme oda mbili na jumbe nne njiani, basi. Hitilafu nyingi hujitokeza hata kwenye udogo huo, lakini si ahadi. Wala msidhani mtaongeza ukubwa mpendavyo: michakato 10 yenye hali 10 kila mmoja huzaa michanganyiko bilioni 10, na kompyuta itaanza kupumua kama mgonjwa wa pumu.

Kwa hiyo ustadi ulio mgumu ni kuacha vitu nje, na hapa ndipo nawaona vijana wengi wakikwama. Wanataka jina la mteja liwemo, kiasi kiwemo, aina ya simu iwemo. Toeni vyote. Hata ile 20,000 haina kazi, kinachohesabiwa ni mara alizokatwa. Kila mnachokiweka kijibu swali hili: kikitoka, kuna kosa litakalojificha? Kama hakuna, kiende.

Na kikaguzi kikisema kila kitu ni sawa mara ya kwanza, kishukuni. Mara nyingi kuna tukio ambalo halikuwahi kuruhusiwa kutokea, na mfumo uliokaguliwa ulikuwa umelala. Vunjeni modeli kwa makusudi: ondoeni ukaguzi wa namba ya kumbukumbu, endesheni, muone kama inalalamika. Isipolalamika, sharti lenu limeandikwa vibaya. Tazameni pia hesabu ya mara ambazo kila tukio lilitokea. Penye sifuri pana neno.

Fanyeni wawiliwawili. Mmoja aandike upande wa duka, mwingine upande wa mtoa huduma, bila kuoneshana, kisha mziunganishe. Mtagombana kidogo kuhusu nani alipaswa kurudia na nani alipaswa kusubiri. Ugomvi huo ufanyikie hapo, kabla pesa za watu hazijaingia.

Mkikwama nileteeni ile orodha ya hatua ambayo TLC imetoa, nzima, bila kukata, pamoja na masharti mliyoandika. Picha za skrini za msimbo msinitumie, macho yangu hayazitaki tena. Jioni baada ya swala ya isha huwa nina nafasi.

Ni mimi mzee wenu,
fundi mitambo mstaafu, Dar es Salaam