Bei ya asubuhi ifike jioni

Ndugu Mhariri,

Ramadhani ya 2024 ilitukuta hapa Ujiji sukari ikiwa adimu. Mvua nyingi zilikuwa zimekwamisha uvunaji wa miwa, na serikali ilikwisha kutangaza bei elekezi. Siku moja asubuhi nilinunua nusu kilo kwa shilingi 2,000. Alasiri mama jirani akamtuma mwanawe duka lilelile, kwenye gunia lilelile lililokuwa limefunguliwa tangu asubuhi, akaambiwa nusu ni 2,500. Mtoto alirudi mikono mitupu, akatumwa tena na hela ya kuongezea, na adhana ikawakuta uji haujaungwa. Nilipomuuliza mwenye duka, alinijibu bila kuficha: saa hizi wanaotaka ni wengi.

Nimelikumbuka jibu hilo kwa sababu sasa nasikia watu wakisema maduka yaachwe yapandishe na kushusha bei kwa saa, kama zinavyofanya teksi za mtandaoni Dar es Salaam mvua ikinyesha. Napinga, na sipingi kwa kutolijua soko. Nimekulia kando ya ziwa.

Sisi wa Kigoma tumezoea bei inayopanda na kushuka. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikishamiri, taa hazina nguvu, vipe, yaani mitumbwi ya dagaa, vinapumzika ufukweni, na pale mwalo wa Kibirizi bei ya kisado inapanda. Giza likirudi, inashuka. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, dagaa walipanda na sikumlaumu muuzaji, kwani kila mtu aliona mitumbwi imelala. Bei ile ilitoka majini. Ya sukari ya alasiri ilitoka wapi? Kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, gunia lile halikuongezeka gharama hata senti moja. Kilichoongezeka ni haraka ya mtu mwenye swaumu.

Naijua hoja ya wachumi kwamba bei ikipanda, bidhaa huvutwa kuja. Ni kweli kwa dagaa, na ni kweli kwa mahindi ya Kasulu: bei ikikaa juu wiki nzima, mtu atapakia lori. Lakini hakuna lori litakalotoka Tabora likafika Ujiji kati ya alasiri na magharibi. Bei inayodumu saa mbili tu haileti hata kilo moja ya ziada, inaamua tu nani apate na nani akose. Kama hofu ni sukari kuisha, mwenye duka na auze nusu kilo kwa kila mteja, na wa mwisho kwenye foleni atapata.

Huko Marekani nako, mwaka 1999, mkuu wa Coca-Cola wa wakati ule, Doug Ivester, alipozungumzia mashine ya kuuzia soda itakayoweza kupandisha bei siku ya joto kali, watu walikasirika. Kiu ya mtu si gharama ya muuzaji.

Sisemi bei igande. Wazee wetu waliishi na bei za kupangwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipanga foleni ya sabuni na sukari huku walanguzi wakiuza uani. Sitaki turudi huko. Yapo mabadiliko ya bei ninayoyakubali kabisa. Bando la usiku ni nafuu, na kila mtu anaijua saa yake kabla ya kununua. Bei kikomo ya mafuta hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila mwezi na kubandikwa kituoni. Mama wa samaki wa kukaanga pale Mwanga akiona usiku unaingia hupunguza, na aliyesubiri anafaidi. Bei inayoshuka haimvizii mtu.

Kwa hiyo nawaomba wenye maduka, na maofisa biashara wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, wakubaliane na jambo hili. Bei iandikwe ubaoni kwa chaki asubuhi, na isipande mpaka duka lifungwe. Mzigo mpya ukiingia kwa bei ya juu, iandikwe kesho yake. Kushusha iwe ruksa saa yoyote. Tuanze na sukari, unga, sabuni na dawa za homa, vitu ambavyo mtoto hutumwa dukani akiwa na hela kamili mkononi.

Mkazi wa Ujiji,
Kigoma