Barua kwa mwanangu aliyetimiza miaka 19 Ontario

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika. Unauliza: kama serikali yenyewe imeruhusu bangi iuzwe na inaitoza kodi, wewe ukivuta Jumamosi jioni baada ya mitihani una kosa gani, na umemkosea nani? Umetimiza miaka 19, umri ambao jimbo la Ontario linakuruhusu kuingia dukani na kitambulisho chako, kwa hiyo kukujibu "ni marufuku" kungekuwa uongo. Mambo ya dini umeyasikia kwa babu yako tangu mdogo, siyarudii. Mimi nitakujibu kwa upande wa dawa na wa sheria.

Nianze na sheria, maana wengi wanaoitaja hawajaisoma. Sheria ya Bangi ya Canada ilianza kutumika tarehe 17 Oktoba 2018. Mtu mzima anaruhusiwa kubeba hadharani bangi kavu isiyozidi gramu 30. Bidhaa nyingine hupigiwa hesabu kwa kulinganishwa na hiyo kavu: gramu 1 ni sawa na gramu 15 za vyakula vyenye bangi, au robo gramu tu ya mafuta mazito yaliyokamuliwa. Kumpa aliye chini ya miaka 18, hata bure, ni kosa la jinai ambalo adhabu yake ya juu ni miaka 14 jela. Kwa hiyo mdogo wake rafiki yako akikaa kwenye duara na msokoto ukampitia, aliyempa hawezi kujitetea kwamba hakuuza. Na kuivusha mpaka, kuingia au kutoka Canada, ni kosa hata kama unakokwenda nako wameiruhusu.

Hayo ndiyo sheria inaweza kubadili. Mmea haukusoma sheria. Bangi iliyokuwa ikivutwa Canada miaka ya 1980 ilikuwa na THC, yaani ile kemikali inayolewesha, ya wastani wa asilimia 3. Leo rafu za dukani zimejaa za asilimia 15 hadi 20 na zaidi, na mafuta yaliyokamuliwa yanafika hata 90. Wanaokuambia "wazee walivuta wakazeeka salama" wanazungumzia kitu kingine. Ukitazama kibandiko cha pakiti utaona namba mbili za THC. Soma ile kubwa, ya jumla, kwa sababu katika ua lililokaushwa sehemu kubwa ya THC ingali katika umbo la asidi, nalo halileweshi mpaka lipate moto. Miligramu 200 kwa gramu ni asilimia 20. Msokoto wa nusu gramu ya bangi hiyo una miligramu 100, na ingawa nyingi huungua na kupotea hewani, mashauri ya afya ya Canada kwa anayeanza kula bangi ni miligramu 2.5 au pungufu. Linganisha mwenyewe.

Vyakula ndivyo ninavyoviogopa zaidi kwa kijana mgeni, kwa sababu havina harufu ya kutisha na vinafanana na vitu vya watoto. Moshi hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde au dakika chache, kwa hiyo mvutaji anajua mapema kwamba imetosha. Biskuti au peremende ya jeli hupitia tumboni kwanza, kisha kwenye ini, na ini huigeuza THC kuwa kemikali nyingine inayoingia kwenye ubongo kwa nguvu zaidi. Stimu huanza baada ya nusu saa hadi saa 2, hufika kileleni hata saa ya 4, na huweza kudumu saa 12, na uchovu wake hata siku nzima. Kosa linalowapata wageni ni lilelile kila mara: amekula, hasikii kitu, anaongeza.

Machi 2014, miezi miwili na siku chache tangu jimbo la Colorado, Marekani, lifungue maduka ya bangi, mwanafunzi wa miaka 19 kutoka Kongo-Brazzaville alikula biskuti ya bangi mjini Denver. Biskuti ilikuwa na miligramu 65, na muuzaji aliwaambia wapasue vipande sita. Alikula kimoja. Baada ya nusu saa hadi saa moja, alipoona hakuna kitu, alimaliza vilivyobaki. Saa mbili na nusu baadaye aliruka kutoka ghorofa ya nne ya hoteli, akafa. Alikuwa na umri wako, na yeye pia alikuwa ametoka Afrika kwenda kusoma. Colorado ilibana kanuni za vifungashio baada ya hapo, na Canada ilipokuja kuruhusu vyakula mwaka 2019 iliweka kikomo cha miligramu 10 kwa pakiti nzima. Lakini kikomo hicho ni cha bidhaa halali, yenye stempu ya ushuru na ile alama nyekundu ya pembe nane yenye jani na herufi THC. Peremende iliyonunuliwa kwa mtu mtandaoni, yenye mfuko unaoigiza peremende za kawaida na kudai miligramu 500, haijapimwa na yeyote.

Mwenzako akizidiwa, dalili ni moyo kwenda mbio, hofu ya kwamba anakufa, kutapika, kushindwa kusimama. Mtoe kwenye kelele, mkalishe, mpe maji, mlaze kwa ubavu akitaka kulala, na asiachwe peke yake, hasa karibu na balkoni au ngazi. Asipewe pombe: pombe na bangi kwa pamoja ndiyo huangusha wengi, kwani pombe huongeza THC inayoingia kwenye damu. Maumivu ya kifua, kuzimia, au kuona na kusikia vitu visivyokuwepo: pigeni 911 bila kuogopa kwamba mtakamatwa. Mna haki ya kuwa nayo, basi tumieni na haki ya kuomba msaada.

Vepu, yaani sigara za umeme, nazo zina kisa chake. Mwaka 2019 Marekani walilazwa watu kwa maelfu wakiwa na mapafu yaliyoharibika ghafla, na kufikia Februari 2020 waliokufa walikuwa 68. Uchunguzi ulielekea kwenye vitamini E asetati, mafuta yaliyochanganywa kwenye vibomba vya THC vya magendo ili yaonekane mazito. Na wanaovuta moshi wakaubana kifuani wakidhani wanapata zaidi hawapati THC ya maana. Wanachoongeza ni lami kwenye mapafu. Ukichanganya na tumbaku, jambo ambalo vijana wengi hufanya ili msokoto uungue vizuri, unaweza kujikuta umenaswa na nikotini huku ukijisifu kwamba bangi haina uraibu.

Na uraibu upo. Makadirio yanayotumika sana katika tiba ni kwamba kati ya watu wote waliowahi kutumia, karibu asilimia 9 hunaswa. Walioanza wakiwa balehe karibu asilimia 17. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka miji kadhaa ya Ulaya na mmoja wa Brazil ulionyesha kwamba wanaotumia kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 na kuendelea wana uwezekano wa karibu mara tano wa kupata ugonjwa wa akili wa kuchanganyikiwa, ukilinganisha na wasiotumia kabisa. Ubongo wako unaendelea kujijenga mpaka karibu miaka 25. Kanada ya Kifaransa, yaani jimbo la Quebec, walipandisha umri hadi 21 tangu Januari 2020, nami naona hata wao walipunja. Ombi langu ni 25. Silifichi ndani ya takwimu: nakuomba usubiri.

Sasa, umemkosea nani? Mtu mzima wa miaka 30 anayevuta kidogo nyumbani kwake, haendeshi gari, hana mtoto ndani na kazi yake haidorori, mimi sina jina la kosa lake zaidi ya moshi kwa jirani. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikaribia kusema hivyo tarehe 18 Septemba 2018, ilipotamka kwamba matumizi ya mtu mzima faraghani yako ndani ya haki yake ya faragha. Shida ni kwamba watu wengi wanaolitaja neno faragha wanaishi nyumba za kupanga na wenzao. Hapo nyumbani kwenu mnashirikiana jiko na familia yenye mtoto mdogo. Watafiti walipolinganisha majimbo ya Canada, yale yaliyoruhusu vyakula vya bangi yalikuwa na ongezeko kubwa zaidi la watoto waliolazwa kwa sumu ya bangi kuliko Quebec, ambayo ilikataa kabisa peremende na chokoleti za namna hiyo. Mtoto haoni THC, anaona peremende. Kwa hiyo pakiti ya bangi kwenye friji ya pamoja naihesabu kuwa kosa, hata kama hakuna kifungu kilichovunjwa.

Gari ndilo kosa kubwa kupita yote, na hapo sheria iko pamoja nami. Ontario haimruhusu dereva wa miaka 21 kurudi chini, wala mwenye leseni ya kujifunzia (G1 au G2), kuwa na THC yoyote mwilini inayoonekana kwenye kipimo cha mate barabarani. Juu ya hiyo kuna sheria ya nchi nzima: nanogramu 2 kwa mililita moja ya damu ndani ya saa 2 baada ya kuendesha ni kosa, na nanogramu 5 ni kosa zito zaidi. Mtumiaji wa mara kwa mara hubaki na THC kwenye damu kwa siku kadhaa, hivyo "nilivuta juzi" si kinga. Tangu Desemba 2018 adhabu ya juu ya kuendesha ukiwa umelewa ilipandishwa hadi miaka 10, na kwa mgeni hiyo ina maana ya uhalifu mkubwa mbele ya Uhamiaji: mwenzako mzawa atalipa faini, wewe unaweza kurudishwa nyumbani na ada yetu yote.

Kuhusu kuhalalisha kwenyewe, huenda utashangaa. Kumfunga mtu kwa ajili ya msokoto mmoja naona ni dhuluma, na dhuluma hiyo ina upande. Chama cha haki za raia cha ACLU kilipopiga hesabu za mwaka 2010 Marekani, Mweusi alikuwa na uwezekano wa mara 3.73 kuliko Mweupe wa kukamatwa na bangi, ilhali matumizi yao yalikaribiana. Wewe hapo Toronto unaishi na ngozi hiyohiyo. Halafu tazama waliopata faida. Julian Fantino, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Toronto, mwaka 2004 alifananisha kuhalalisha bangi na kuhalalisha mauaji. Mwaka 2017 alikuwa kiongozi wa kampuni ya bangi ya tiba. Msamaha wa rekodi bila ada ulikuja 2019, na walioupata ni wachache mno. Kwetu Tanzania, shamba la Arumeru au Tarime likigunduliwa linafyekwa na mwenyewe anatafutwa, chini ya sheria ya mwaka 2015 inayofika hadi kifungo cha maisha kwa wasafirishaji. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha tiba mwaka 2017 na makampuni ya Canada yakaenda kuwekeza. Mmea ni uleule.

Lakini kuacha kufunga watu ni jambo moja, kuanzisha biashara ni jingine. Duka linalotafuta faida haliishi kwa mtu wa Jumamosi jioni. Linaishi kwa yule anayevuta kila siku, ambaye ndiye ananunua sehemu kubwa ya mzigo. Ndiyo maana nawaunga mkono Uruguay kuliko Colorado. Uruguay, iliyopitisha sheria yake mwaka 2013, inamtaka mkazi ajiandikishe na kuchagua njia moja tu: miche sita nyumbani, klabu ya watu 15 hadi 45, au famasi, isiyozidi gramu 40 kwa mwezi. Quebec nako maduka ni ya serikali na faida yake inarudi kwenye kinga na utafiti. Ni mifumo inayokera, na inatakiwa ikere.

Mambo mawili ya safari. Rafiki zako wakikualika Buffalo au Detroit, kumbuka kwamba serikali kuu ya Marekani haijaihalalisha, na mgeni anayekiri mbele ya afisa wa mpakani kwamba aliwahi kutumia anaweza kuzuiwa kuingia. Na tiketi yako ya Desemba inapitia Ghuba, ambako kilichomo kwenye mkojo wako kinaweza kuwa ushahidi. Mtumiaji wa mara mojamoja hubaki na mabaki siku 3 au 4. Wa kila siku hata mwezi. Kung'uta mifuko yote ya begi, kopo la kusagia liache huko, na mafuta ya CBD (kemikali nyingine ya bangi, isiyolewesha) ya mwenzako usiyabebe hata kama kibandiko kinasema hayana THC.

Niandikie upesi leseni uliyonayo ni G1 au G2, na lile gari mnalorudi nalo kazini usiku ni la nani na nani hushika usukani.

Mama yako